Wasomaji Wauliza: Siku za Cusco Kabla ya Njia ya Salkantay

Katika toleo lililopita tulieleza kwamba kundi la walimu na wahudumu wa afya kutoka Kisumu na Kakamega, ambao wamezoea kupanda Mlima Elgon wakati wa likizo, linajiandaa kwenda Peru mwezi Juni mwaka ujao ili kutembea njia ya Salkantay hadi Machu Picchu, magofu ya mji wa Wainka, watawala wa kale wa nchi hiyo. Tangu wakati huo barua zimemiminika. Baadhi zimeandikwa na wasafiri wenyewe, nyingine na wasomaji wasio na mpango wa kusafiri ila wana hamu ya kuujua mji wa Cusco, ambako safari hiyo huanzia. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi, na nimezifupisha bila kugusa maana.

*Mhariri, pokea salamu kutoka Kisumu. Wakala wetu wa safari ametupangia tushuke kwenye uwanja wa ndege wa Cusco asubuhi, tutembezwe mjini alasiri hiyo hiyo, tulale usiku mmoja, kisha alfajiri tupelekwe mlimani. Anasema siku za ziada mjini ni gharama isiyo na faida. Sisi sote ni watu wa mazoezi. Je, ratiba hii inafaa?*
*Mwalimu wa historia, Kisumu*

Mwalimu, ratiba hiyo haifai, na ninakusihi uikatae kabla hamjalipa hata shilingi moja. Kisumu iko kwenye mwinuko wa mita 1,130 hivi kutoka usawa wa bahari. Mtapitia Lima, mji ulio kando ya bahari, na kutoka hapo ndege itawachukua kwa muda wa saa moja na dakika chache tu na kuwashusha Cusco, mita 3,400. Kiwango cha oksijeni hewani huko ni kile kile cha asilimia 21, lakini kanieneo ya hewa yenyewe imepungua hadi kiasi cha theluthi mbili ya ile ya pwani, kwa hiyo kila pumzi mtakayovuta itaingiza mapafuni oksijeni pungufu. Mwili hujibu kwa kupumua haraka na kwa kuuongeza mwendo wa moyo, kisha figo huanza kurekebisha kemia ya damu ili pumzi hiyo ya haraka iweze kuendelea hata usingizini, na kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Hakuna mazoezi yanayoweza kuiharakisha. Mtu mwenye miguu ya chuma huumwa sawa na asiyewahi kukimbia, na wakati mwingine huumwa zaidi, kwa sababu nguvu zake humfanya apande kwa kasi kuliko inavyompasa.

Elgon itawasaidia kujua jinsi ya kutembea, kubeba mzigo na kuvumilia baridi, lakini msiitegemee kwa jambo hili. Kilele cha Koitobos kina mita 4,222, na Wagagai upande wa Uganda mita 4,321, ilhali pito la Salkantay, yaani pengo kati ya vilele ambamo njia hupenya, lina zaidi ya mita 4,600. Isitoshe, mazoea ambayo mwili huyapata mlimani hupotea baada ya majuma machache ya kukaa chini, na mtakuwa mmerudi Kisumu muda mrefu kabla ya Juni.

Ninachopendekeza ni hiki. Mkishuka Cusco, msilale huko usiku wa kwanza. Pandeni gari moja kwa moja hadi bonde la mto Urubamba, ambalo wenyeji huliita Bonde Takatifu, mwendo wa kama saa mbili, mkalale Ollantaytambo au mji wa Urubamba, ambako mwinuko ni kati ya mita 2,800 na 2,900. Kaeni huko siku mbili. Kwenye bonde kuna mengi ya kutazama, na Ollantaytambo kwenyewe watu bado wanaishi ndani ya mitaa iliyopangwa na Wainka, huku maji yakipita katika mifereji ya mawe kando ya milango yao. Baada ya hapo pandeni Cusco, mlale usiku wa tatu na wa nne, ndipo mwende Soraypampa, kituo cha kwanza cha njia ya Salkantay, mita 3,900 hivi. Madaktari wa milimani hushauri kwamba mtu akishapita mita 3,000, asipandishe mahali anapolala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Kutoka Cusco hadi Soraypampa ni mita hizo hizo 500, na siku inayofuata mtavuka pito na kushuka kulala chini zaidi. Ratiba hiyo inauheshimu mwili katika kila hatua, na kila siku yake ina jambo la kuona.

Siku ya kwanza Cusco msipange kupanda Sacsayhuamán, ngome ya Wainka iliyo juu ya mji, kwa maana ngazi zake zitawaumbua. Tembeeni polepole katikati ya mji, kunyweni maji ya kutosha, kuleni chakula chepesi jioni, acheni pombe, na mtu yeyote asimeze dawa za usingizi hata kama usiku wa kwanza atakuwa macho. Kuumwa kichwa kidogo ni jambo la kawaida. Kichwa kikiuma pamoja na kichefuchefu na uchovu usioisha, msipande zaidi mpaka dalili hizo ziondoke, hata kama gari limeshakodiwa.

*Mhariri, mimi ni muuguzi Kakamega na nimo katika kundi hilo. Wenzangu wawili wana chembe za selimundu (sickle cell) za kurithi ingawa hawaugui. Ninataka pia kujua kuhusu malaria na kuhusu tembe za kuzuia ugonjwa wa mwinuko.*
*Muuguzi, Kakamega*

Dada muuguzi, umeuliza swali ambalo vitabu vingi vya wasafiri haviligusi, kwa kuwa huandikiwa watu wa nchi ambako selimundu ni nadra. Kwetu sisi wa magharibi na wa kanda ya ziwa si nadra hata kidogo, kwa sababu mtoto aliyerithi chembe hizo kwa mzazi mmoja hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, na hivyo zimeenea vizazi kwa vizazi. Mwenye ugonjwa wenyewe, aliyerithi kwa wazazi wote wawili, asiende Cusco. Upungufu wa oksijeni huzifanya chembe zake zijikunje na kuziba mishipa, na hatari hiyo ni kubwa mno kwa safari ya starehe. Aliyerithi kwa mzazi mmoja kwa kawaida huweza kwenda na kurudi salama, lakini wachache hupatwa na tatizo la wengu kukosa damu wakiwa mahali pa juu. Dalili yake ni maumivu makali upande wa kushoto, chini ya mbavu. Wenzako wajue dalili hiyo, wamwambie kiongozi wa safari mapema, na maumivu yakianza washuke mara moja na kufikishwa hospitalini badala ya kupewa dawa ya tumbo na kuambiwa wavumilie. Wanakundi wengine wote wasiojua hali yao wapimwe damu kabla ya kulipa nauli.

Kuhusu malaria, mji wa Cusco hauna ugonjwa huo, na mwinuko wake haumfai mbu. Hatari iko nyumbani. Mtu aliyeumwa na mbu Kisumu au Kakamega juma moja au mawili kabla ya safari anaweza kuanza kuugua akiwa tayari Cusco, na kwa kuwa malaria huleta maumivu ya kichwa na kichefuchefu, wenzake watadhani ni mwinuko tu. Ugonjwa wa kawaida wa mwinuko hauleti homa kali. Joto la mwili likipanda na mgonjwa akitetemeka, apimwe malaria siku hiyo hiyo, na daktari aambiwe waziwazi kwamba mgonjwa ametoka kanda ya Ziwa Victoria, kwani daktari wa milima ya Andes hana sababu ya kuiwaza malaria kwanza. Kwa kundi lenye wauguzi, kubeba vipimo vya haraka na dozi moja ya dawa ni busara.

Tembe inayotumika zaidi ni asetazolamidi, kwa kawaida miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Husaidia figo kufanya ile kazi niliyomweleza mwalimu. Itawafanya mwende haja ndogo mara kwa mara na kuhisi vidole vikiwashawasha kama vimechomwa sindano. Iko katika familia ya dawa za salfa, kwa hiyo yeyote aliyewahi kutokwa na malengelenge au kuvimba baada ya kumeza Septrin au Fansidar amweleze daktari kabla ya kuandikiwa. Wewe mwenyewe, kila jioni mlimani, waambie wenzako watembee juu ya mstari ulionyooka, kisigino kikigusa kidole cha mguu wa nyuma. Anayeyumba kama mlevi, anayesema maneno yasiyoeleweka, au anayehema akiwa ameketi tu huku akikohoa, ashushwe usiku huo huo bila kungoja asubuhi.

*Mhariri, mimi ni kijana mwongoza wageni, nyumbani kwetu ni Migori, na mara nyingi huwapeleka wanafunzi Thimlich Ohinga, boma la kale la kuta za mawe. Nimeona picha za kuta za Cusco, na katika simu watu wanasambaza maneno kwamba zilijengwa na viumbe kutoka anga za juu. Ukweli ni upi? Zilijengwaje bila saruji, na je, zinafanana na zetu? Siku moja nikifika huko nianzie wapi kutazama?*
*Mwongoza wageni, Migori*

Ndugu, nimefurahi mno kwamba swali hili limetoka kwako, kwa kuwa watu wachache duniani wana macho yaliyozoea ukuta wa mawe makavu kama yako. Thimlich Ohinga, ambayo iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2018, inadhaniwa kujengwa katika karne ya 16. Kuta kuu za Cusco zilijengwa kuanzia katikati ya karne ya 15, wakati wa mtawala Pachacuti, hadi Wahispania walipoingia mwaka 1533. Kwa hiyo zinakaribiana kwa umri kuliko wengi wanavyofikiri, na zote zinasimama bila chokaa wala saruji.

Njia zake lakini ni mbili tofauti. Unajua kwamba wajenzi wa Ohinga hawakuyachonga mawe. Waliyachukua jinsi walivyoyakuta, makubwa na madogo, wakapanga uso wa nje na uso wa ndani, wakajaza katikati kwa mawe madogo na kuyafungamanisha mpaka ukuta ukawa kitu kimoja, mnene wa mita moja hadi tatu. Ustadi wao ulikuwa katika kuchagua na kupanga. Wainka nao, kwa majengo ya kifalme na ya ibada, walilichonga kila jiwe lilingane na majirani zake kiasi kwamba ncha ya kisu haipiti kwenye kiungo. Chuma hawakuwa nacho. Msanifu majengo Jean-Pierre Protzen wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikwenda kwenye machimbo ya kale ya Rumiqolqa, kusini mashariki mwa Cusco, akakuta mawe magumu ya mtoni yaliyotumika kama nyundo yakiwa bado yametapakaa, akayachukua na kugonga mwamba wa hapo kwa mikono yake mwenyewe. Alithibitisha kwamba kwa kugonga tu, kwa nyundo nzito kwanza na nyepesi baadaye, mtu huweza kulisawazisha jiwe kwa muda mfupi kuliko tunavyodhani. Ukifika, sogeza uso karibu na ukuta bila kuugusa. Utaona vishimo vya mapigo hayo, vikubwa katikati ya jiwe na vidogo zaidi kadiri unavyokaribia ukingo, mahali ambapo fundi alibadilisha nyundo ili asiuvunje. Katika baadhi ya mawe utaona pia vinundu vilivyoachwa sehemu ya chini, ambavyo yaelekea vilisaidia kuinulia.

Hayo ndiyo majibu kwa wanaosambaza habari za viumbe wa angani, na ninakuomba uyarudie kila unapoweza. Madai hayo yana ndugu yake hapa kwetu Afrika: kwa miaka mingi walowezi walisisitiza kwamba Zimbabwe Kuu ilijengwa na Wafoinike au wageni wengine, wasikubali kwamba ni kazi ya Waafrika. Anayemnyima fundi jina lake kwa sababu hamdhanii kuwa na akili anamdhulumu, awe fundi huyo ni Mshona, Mjaluo au Mkechua.

Utaanzia wapi? Anza katika uwanja mkuu wa mji, Plaza de Armas, asubuhi kabla vikundi vya watalii havijajaa. Simama uelekee kanisa kuu, ambalo ujenzi wake ulikamilika mwaka 1654 na ambalo sehemu ya mawe yake ilitolewa katika ngome ya Sacsayhuamán juu ya mji. Katika uwanja huu Wahispania walimkata kichwa Túpac Amaru, mtawala wa mwisho wa Wainka, mwaka 1572, na mwaka 1781 walimuua kikatili José Gabriel Condorcanqui, aliyejiita Túpac Amaru wa Pili na kuongoza uasi mkubwa dhidi yao, pamoja na mkewe Micaela Bastidas. Wapita njia wengi hupiga picha hapo bila kujua wamesimama juu ya nini.

Kutoka uwanjani, ingia uchochoro wa Loreto. Utatembea kati ya kuta mbili za Kiinka, upande mmoja ukuta wa nyumba ya wanawake waliotengwa kwa ajili ya ibada na ufumaji, ambayo leo ni makao ya watawa, upande wa pili ukuta wa iliyokuwa kasri. Angalia jinsi zote zinavyoegemea ndani kadiri zinavyopanda juu, na jinsi milango na vishubaka vilivyo vipana chini na vyembamba juu. Umbo hilo ndilo lililoziokoa wakati wa matetemeko ya ardhi. Uchochoro huo utakufikisha karibu na Qorikancha, hekalu la jua, ambalo mabamba yake ya dhahabu yaling'olewa mwaka 1533 kulipia fidia ya mtawala Atahualpa, aliyekuwa ametekwa na Wahispania na ambaye hata hivyo aliuawa. Watawa wa Kidominiko walijenga kanisa lao juu yake. Tetemeko la tarehe 21 Mei 1950 lilipoupiga mji, sehemu kubwa ya kanisa na nyumba ya watawa iliharibika, na kuta za Wainka zilizokuwa zimefichwa ndani yake zikaonekana tena, zikiwa zimesimama. Jipe saa nzima hapo.

Jiwe maarufu lenye pembe kumi na mbili liko mtaa wa Hatun Rumiyoc, na utalijua kwa umati uliolizunguka. Ni zuri, lakini ukuta wote ule ni wa kiwango hicho hicho, na maoni yangu ni kwamba utajifunza zaidi hatua ishirini mbele yake, ambako hakuna anayesimama. Sacsayhuamán iache kwa siku ya pili, mwili ukishatulia. Mawe yake ya chini ni ya chokaa, mengine yana uzito wa zaidi ya tani 100, na yamebaki mahali pake kwa sababu Wahispania, waliobomoa ngome hiyo ili kupata mawe ya kujengea nyumba zao, hawakuweza kuyasogeza.

*Mhariri, mimi hukimbia mbio za barabarani na hufanya mazoezi Iten. Nimealikwa nijiunge na kundi hili. Nimesikia hotelini Cusco wageni hupewa chai ya majani ya koka kwa ajili ya mwinuko. Je, ninywe?*
*Mkimbiaji, Iten*

Usinywe hata kikombe kimoja, wala usitafune majani yake, wala peremende zake. Katika Peru koka ni halali, ina historia ndefu na heshima kubwa miongoni mwa Wakechua, na mwenyeji akikukaribisha nayo anakufanyia ukarimu. Lakini ndani ya majani hayo mna kokeini kwa kiasi kidogo, kipimo cha mkojo huitambua, na kokeini imepigwa marufuku mashindanoni. Jopo la nidhamu halitajali kwamba ilikuwa chai. Omba chai ya muña, mmea wa kienyeji wenye harufu ya mnanaa, ambayo hupatikana kila mahali na hutumika kutuliza tumbo. Kwa wengine wote ambao si wanariadha, tahadhari ni moja: msirudi na majani ya koka wala vifurushi vya chai yake, kwani sheria ya Kenya inayataja miongoni mwa dawa za kulevya, na haisaidii kumwambia afisa wa forodha kwamba mlinunua dukani.

*Mhariri, mume wangu na mimi ni wakulima wa viazi hapa Molo, Kaunti ya Nakuru. Binti yetu ni mwalimu katika kundi hilo. Tunasikia viazi vilitoka huko. Tungependa atuletee mbegu, na tungependa ajue aangalie nini.*
*Mama mkulima, Molo*

Mama, mmesikia sawa. Viazi vilianza kulimwa na wakulima wa nyanda za juu za Andes, kuzunguka Ziwa Titicaca, maelfu ya miaka kabla Wainka hawajatawala, na Peru leo ina zaidi ya aina 3,000 za kienyeji. Mwambie binti yenu aende soko la San Pedro, si mbali na uwanja mkuu, aelekee kwa akina mama wanaouza viazi kwa rundo. Ataona vya zambarau mpaka ndani, vyekundu, vyeusi, virefu vilivyopinda kama kidole, na vyenye macho mengi ya ndani ambavyo kumenya ni kazi. Aulizie chuño. Hivyo ni viazi vidogo vilivyoachwa nje usiku wa baridi kali vigande, vikakanyagwa kwa miguu ili maji yatoke, kisha vikaanikwa juani, na vikishakauka hukaa miaka bila kuoza. Juni, wakati wa safari yao, ndio msimu wa kuvitengeneza.

Akipata nafasi, karibu na mji wa Pisac kuna Parque de la Papa, eneo ambalo jamii za Wakechua zimeungana kutunza mamia ya aina za viazi katika mashamba yao wenyewe. Mkulima wa huko huchanganya aina nyingi katika shamba moja, kwa mwinuko tofauti, ili ugonjwa au jalidi ikiua nyingine, nyingine ibaki. Nanyi wa Molo, ambako karibu kila shamba ni la viazi vya aina ya Shangi, mnajua hofu ya ugonjwa wa baka wakati wa mvua ndefu. Ugonjwa huo huo ndio ulioangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, nchi iliyotegemea aina chache mno.

Mbegu lakini asilete, hata kiazi kimoja mfukoni. Udongo ulioshika ngozi ya kiazi unaweza kubeba mnyauko wa bakteria na minyoo fundo, na kuingiza mbegu bila kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, ni kosa. Kituo cha Kimataifa cha Viazi, ambacho makao yake makuu yako Lima, kina ofisi Nairobi, na aina kutoka Andes hufika Kenya kupitia njia kama hiyo, zikiwa zimesafishwa na kupimwa. Alete picha na maelezo ya jinsi wanavyopanda.

*Mhariri, kijana wangu anaenda na kundi hilo. Aliniambia mizigo itabebwa na wenyeji. Nilipokuwa kijana nilibeba mizigo ya watalii, najua ilivyo. Wanatendewaje huko?*
*Mzee, Nakuru*

Mzee wangu, asante kwa kuwakumbuka. Peru ilipitisha sheria ya wapagazi mwaka 2001, ambayo iliweka kikomo cha kilo 20 kwa mpagazi, na katika Njia ya Wainka, njia nyingine ya kwenda Machu Picchu, mizigo hupimwa kwenye kituo cha ukaguzi. Njia hiyo ya kale huruhusu watu 500 tu kwa siku, wapagazi wakiwemo, na hufungwa mwezi Februari. Salkantay haina kikomo hicho cha watu, na huko mizigo mingi hubebwa na nyumbu na farasi wanaoongozwa na wenyeji. Ukaguzi ukiwa mdogo, wajibu wa msafiri huwa mkubwa zaidi. Mwambie kijana wako aiulize kampuni, kwa maandishi, maswali ambayo wewe ungetaka yaulizwe siku zako: mbebaji na mwongoza nyumbu wanalala ndani ya hema au chini ya turubai, wanakula chakula gani, wana bima, na wanalipwa kiasi gani kwa siku. Kampuni inayowatendea vyema watu wake hujibu upesi na kwa ukamilifu. Inayotoa bei ya chini kuliko zote kwa kawaida imeipunguza mahali fulani, na mara nyingi ni kwenye ujira wa mtu huyo. Bakshishi mwisho wa safari apewe mwenyewe mkononi, si kupitia kwa msimamizi.

*Mhariri, tungependa tuwe Cusco wakati wa sikukuu ya jua. Ni tarehe ngapi, na itaingilianaje na safari ya mlimani?*
*Katibu wa kundi, Kisumu*

Inti Raymi huadhimishwa tarehe 24 Juni. Ilikuwa ibada kuu ya Wainka wakati jua liko mbali nao kabisa, ikapigwa marufuku na Wahispania, na ikafufuliwa mwaka 1944 kama maonyesho makubwa yanayotamkwa kwa Kikechua. Huanza asubuhi Qorikancha, ikahamia uwanja mkuu, na kumalizikia Sacsayhuamán alasiri. Viti vya Sacsayhuamán hulipiwa na huisha mapema, lakini Qorikancha na uwanjani mtu husimama bila malipo akiwahi.

Ninawashauri mfike Cusco tarehe 21, mshuke bondeni siku hiyo hiyo kama nilivyomweleza mwalimu, mpande mjini tarehe 23, mwone sikukuu tarehe 24 mkiwa tayari mmelala nyanda za juu usiku tatu, mpumzike tarehe 25, na mwondoke kwenda Soraypampa tarehe 26. Vyumba vya siku hizo huwahiwa miezi kadhaa kabla, na bei hupanda, kwa hiyo wekeni nafasi za hoteli pamoja na tikiti za Machu Picchu sasa, kabla ya kununua hata viatu. Mvua hamtaikuta, kwani Juni ni kiangazi cha huko, lakini usiku Soraypampa maji huganda ndani ya chupa. Kila mmoja awe na mfuko wa kulalia unaohimili nyuzi kumi chini ya sifuri, kofia ya sufu na glavu, na asiye navyo anaweza kukodi Cusco siku ile ya mapumziko, akivikagua kwa makini zipu na mishono kabla ya kutia sahihi.